Mdhamini Akiondoka, Nani Analipa?

Jezi zilikuwa 22. Tulizitandaza juu ya meza ya chakula nyumbani kwa kocha, tukaweka gazeti juu ya kifua cha kila moja, tukapitisha pasi ya mkaa polepole mpaka gundi ya herufi ikalegea. Hapo mmoja wetu anawahi na wembe, anabandua herufi kabla hazijapoa na kuganda upya. Jezi namba 6 iliungua, ikatoboka tundu la ukubwa wa sarafu. Nyingine zilipona, lakini ukiziinua kwenye taa ulikuwa unalisoma jina vilevile. Herufi zimetoka, kivuli chake kimebaki, kwa sababu kitambaa kilichofunikwa hakikupauka kama kile kilichopigwa jua.

Nilikuwa mweka hazina wa timu hiyo, timu ya mtaani iliyokuwa inacheza ligi ya mkoa. Mdhamini wetu alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na jina lake sitalitaja. Tulikubaliana shilingi milioni 6 kwa msimu, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ilikuja, picha zikapigwa, mikono ikashikwa. Awamu ya pili ikawa ya wiki ijayo, kisha ya mwisho wa mwezi, kisha simu ikawa haipokelewi. Sisi tulikuwa tumeshakodi Coaster kwa mechi tano za ugenini, tumeshawanunulia viatu vijana wanne waliokuwa wakiazimana, tumeshamwahidi mama anayetupikia. Nilikuwa nimepanga matumizi kwa pesa iliyokuwa kwenye karatasi. Kosa hilo nililifanya mimi na nililijutia, lakini kila ninapolifikiria najiuliza ningepanga vipi vingine. Timu haiwezi kusubiri Mei ifike ndipo ijue ilikuwa na uwezo gani Septemba.

Tarehe 17 Novemba 2023 Everton, klabu ya Uingereza, walipokatwa pointi 10 kwa kuzidisha hasara, nilizikumbuka zile jezi.

Kwa asiyefuatilia, Ligi Kuu ya Uingereza ina kanuni za faida na uendelevu. Kwa lugha ya kawaida, klabu isipate hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Tena milioni 90 kati ya hizo ni lazima mmiliki azifidie kwa kuingiza mtaji wake. Asipofanya hivyo, klabu inaruhusiwa hasara ya milioni 15 tu. Gharama za akademi, timu ya wanawake, miundombinu na kazi za kijamii zinatolewa kwenye hesabu. Everton walikutwa na hasara ya pauni milioni 124.5, yaani wamezidisha milioni 19.5. Siku tisa baadaye walicheza na Manchester United pale Goodison Park, uwanja wao wa wakati huo, na mashabiki wakainua maelfu ya kadi za waridi zenye nembo ya ligi na neno linalomaanisha ufisadi. Februari 2024 rufaa ilipunguza adhabu hadi pointi 6. Aprili wakakatwa nyingine 2 kwa kipindi kilichofuata. Walimaliza msimu na pointi 40 na wakabaki ligi kuu, wamenyang'anywa 8.

Mimi ni mtu wa Simba, na hilo halina mjadala. Lakini Everton ni timu yangu ya Uingereza, na wapo wengi Dar es Salaam waliowapenda Everton siku ileile niliyowapenda mimi: Alhamisi ya tarehe 13 Julai 2017, Uwanja wa Taifa, ambao sasa tunauita Benjamin Mkapa. Everton walikuja kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alikuwa amerudi klabu yake ya utotoni siku chache tu kabla, na bao lake la kwanza la kurejea alilifungia kwetu, kwa shuti la mbali. Jacques Tuyisenge, yule Mnyarwanda wa Gor, akasawazisha kwa kichwa. Kieran Dowell akamaliza mchezo, 2-1. Kijana mmoja aliruka uzio, akakimbia uwanja mzima mpaka akamkumbatia Rooney, na uwanja ukamshangilia kana kwamba naye kafunga.

Siku hiyo sikuzingatia jambo ambalo leo ndilo ninalolikumbuka kuliko bao la Rooney. Timu zote mbili zilikuwa zimevaa jina moja kifuani: SportPesa. Kampuni ya kubeti iliyozaliwa Nairobi ilikuwa inawadhamini Gor Mahia na AFC Leopards kule Kenya, Simba na Yanga hapa kwetu, na mwaka huohuo ikasaini na Everton mkataba wa miaka mitano ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 9.6 kwa msimu.

Tuifanyie hesabu pesa hiyo. Kwa thamani ya pauni ya mwaka 2017, milioni 9.6 ilikuwa karibu shilingi bilioni 28 za Tanzania. Kwa mwaka mmoja. Simba walisaini karibu bilioni 5 kwa miaka mitano, Yanga bilioni 5 na kidogo kwa miaka mitano. Jumlisha watani wote wawili, miaka yote mitano, unapata zaidi kidogo ya theluthi ya kile ambacho Everton walipewa kwa msimu mmoja. Na pesa yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye simu za vijana wa Kayole, Kisumu na Nakuru, na za kwetu Mbagala na Manzese. Ilitoka shilingi mia mbili mbili, mia tano tano, kwa kila mkeka uliochanika kwa sababu ya mechi moja ya mwisho. Nina binamu aliyekuwa anabeti ada ya chuo akiamini atairudisha mara tatu. Hakuirudisha. Sisemi Everton walikula ada ya binamu yangu. Ninachosema ni kwamba pesa za watu kama yeye zilikusanywa, zikavuka bahari, zikaingia kwenye vitabu vya Everton kule jijini Liverpool kama mapato halali ya kibiashara, na kwa kila pauni iliyoingia kanuni iliwaruhusu kutumia pauni nyingine.

Ndiyo maana kila wakisema "haki ya kifedha" nasita. Kanuni inaikagua klabu imetumia kiasi gani ikilinganishwa na ilichoingiza. Kilichoingizwa kimetoka mfukoni mwa nani, na aliyekitoa atakuwepo kesho au hatakuwepo, hayo haiyaulizi kwa uzito uleule. Mizani ya haki wameiacha mikononi mwa mdhamini, na mdhamini ni mtu wa kuondoka.

SportPesa waliondoka. Januari 2018, baada ya serikali ya Kenya kupandisha kodi ya michezo ya kubahatisha hadi asilimia 35, walifuta udhamini wao wote wa ndani ya Kenya. Everton hawakuguswa. Baadaye wakarudi. Novemba mwaka huo Gor Mahia wakaenda kucheza Goodison Park, wakafungwa 4-0, na nakumbuka namna tulivyojivunia hata kile kipigo, kwa sababu tulikuwa tumefika. Julai 2019 Everton wakaja Kasarani, wakatoka sare ya 1-1 na Kariobangi Sharks, kisha Sharks wakawatoa kwa penalti. Haukupita muda leseni za kampuni za kubeti zikawa zimezuiwa kwa mgogoro wa kodi. Agosti udhamini wa soka la Kenya ukafutwa tena, Septemba kampuni ikasimamisha shughuli zake nchini humo. Gor na Leopards walibaki na jezi zenye jina la mtu asiyelipa. Wachezaji walikaa miezi bila mishahara, wengine wakavunja mikataba. Ligi nzima ilikosa mdhamini mkuu. Everton nao waliachana na kampuni hiyo mwisho wa msimu wa 2019/20, kabla mkataba haujaisha, lakini wao walitangaza kwa lugha ya kiungwana na wakapata jina jingine la kubandika. Shati lile lile halikuwalemea sawa waliolivaa.

Kisha zamu ya Everton ikafika. Klabu ilikuwa chini ya Farhad Moshiri, na mshirika wake wa siku nyingi kibiashara ni Alisher Usmanov, tajiri wa Urusi. Kampuni ya Usmanov, USM, ndiyo iliyoweka jina lake kwenye uwanja wa mazoezi wa Finch Farm. Januari 2020 ililipa pauni milioni 30 ili tu iwe ya kwanza kwenye foleni ya kuupa jina uwanja mpya uliokuwa unajengwa Bramley-Moore Dock. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Usmanov akawekewa vikwazo, na siku chache baadaye Everton wakasimamisha mikataba yote na kampuni zake. Klabu ilipofika mbele ya tume iliyosikiliza kesi ya zile pointi ilijitetea kwamba pesa ya jina la uwanja ilikuwa inategemewa na ikapotea kwa vita. Tume haikuukubali utetezi huo.

Hapa moyo wangu ulivutwa pande mbili, na mpaka leo haujatulia. Kama mweka hazina niliyewahi kuachiwa deni la Coaster, niliwaonea huruma. Najua maana ya kupanga safari kwa ahadi ya mtu halafu ukalala ukiamka ahadi haipo. Lakini kwa upande wa pili siwezi kujidanganya: ule haukuwa udhamini wa mtu baki. Milioni 30 kwa ajili ya kukaa kwenye foleni tu, zikitoka kwa mshirika wa mwenye klabu! Kama zile ni bei ya soko, basi soko hilo lina mteja mmoja. Everton yangu ilikuwa inafanya kwa kiwango kidogo kitu kilekile ambacho mashabiki wake tunawanyooshea kidole wengine.

Na hao wengine wanajulikana. Manchester City wamevaa Etihad tangu 2009, ndege za Abu Dhabi, na mmiliki wao ni wa familia ya kifalme ya Abu Dhabi. Februari 2020 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliwafungia misimu miwili kucheza mashindano yake kwa madai ya kukuza mapato ya udhamini. Julai mwaka huo mahakama ya usuluhishi wa michezo ikafuta kifungo na kuacha faini ya euro milioni 10, ikisema baadhi ya madai yalipitwa na muda na mengine hayakuthibitishwa. Februari 2023 Ligi Kuu ikawafungulia mashtaka zaidi ya 100, ambayo klabu inayakana. Newcastle waliponunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia mnamo Oktoba 2021, vilabu vingine viliharakisha kuweka kanuni kwamba udhamini kutoka kwa ndugu wa mmiliki lazima upimwe kwa thamani halisi ya soko. City wakazipinga kanuni hizo kisheria, na jopo likakuta baadhi ya vipengele ni kinyume cha sheria, hasa kile kilichoacha nje mikopo isiyo na riba ambayo wamiliki huzikopesha klabu zao. Wanaotajirishwa na ndugu kwa jina la udhamini wanazuiwa, wanaokopeshwa na ndugu bila riba wanaachwa. Everton walikuwa na mikopo ya aina hiyo tele kutoka kwa Moshiri.

Hiyo "thamani halisi ya soko" imenisumbua sana. Kifua cha jezi yetu kilikuwa na thamani gani? Yule mfanyabiashara alisema milioni 6. Hakuna mwingine aliyewahi kutupa hata laki moja. Kama angekuwa shemeji wa mwenyekiti, nani angeweza kusema bei imezidi? Thamani ya udhamini ni ile ambayo mtu mmoja yuko tayari kuitoa, na ukishasema ilinganishwe na za wenzako, umeshasema aliye mdogo abaki mdogo. Manchester United watauza kifua kwa bei ya Manchester United kwa sababu walishinda miaka ya tisini. Aliyekuja jana anaambiwa athibitishe kwamba naye anastahili, na ili athibitishe anahitaji wachezaji, na ili apate wachezaji anahitaji ile pesa.

Kwetu jambo hili tumelionja. Novemba 2021 GSM, wafadhili wa Yanga, walitangazwa kuwa wadhamini wenza wa Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 2.1 za miaka miwili. Simba tukagoma kuvaa nembo yao. Nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele vijiweni: iweje mfadhili wa mtani akae kifuani kwangu? Februari 2022 GSM wakajitoa. Swali letu lilikuwa sahihi, na nalirudia hata leo, maana mwenye timu akiwa pia mlipaji wa ligi ni lazima aulizwe. Ila Simba na Yanga hatukupungukiwa kitu pesa ile ilipoondoka. Zilizopungukiwa ni zile timu zinazosafiri kwa basi usiku kucha kutoka Mbeya hadi Bukoba, ambazo mgao kama ule ulikuwa mishahara. Nilishangilia ushindi wa kanuni bila kuwafikiria, na nimelifikiria sana hilo tangu Everton wakatwe pointi.

Msinielewe vibaya, ukomo lazima uwepo. Bury walifukuzwa kwenye ligi za Uingereza Agosti 2019 kwa sababu ya fedha, klabu iliyoanzishwa 1885, na mji ukabaki na uwanja usio na timu. Asiyeweka ukomo anawaachia matajiri wacheze kamari na kitu ambacho si chao. Lakini ukomo uliofungwa kwenye mapato umezaa vituko. Nottingham Forest walikuwa wamepanda daraja juzi tu, hivyo kiwango chao cha hasara kilikuwa milioni 61 badala ya 105. Walikataa kumuuza Brennan Johnson kwa bei ya chini kabla ya hesabu kufungwa Juni 30, 2023, wakamuuza Tottenham Septemba 1 kwa pauni milioni 47.5. Waliingiza pesa nyingi zaidi, yaani walifanya lile ambalo mweka hazina yeyote mwenye akili angefanya, wakakatwa pointi 4. Chelsea waliuza hoteli mbili zilizo pembeni ya uwanja wao kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5, na Ligi Kuu ikakubali.

Linaloniuma zaidi ni la vijana wa akademi. Mchezaji uliyemlea hana gharama ya ununuzi kwenye vitabu, kwa hiyo bei yake yote huhesabiwa faida. Juni 2024, wiki ya kufunga hesabu, Newcastle walimuuza Elliot Anderson, mtoto wa nyumbani. Everton walimuuza Lewis Dobbin kwa Aston Villa na kumchukua Tim Iroegbunam kutoka hukohuko. Dobbin alikuwa kwetu tangu utotoni. Desemba 2023, tukiwa tumeshanyang'anywa zile pointi, alitoka benchi akawafunga Chelsea bao la pili pale Goodison, na uso wake siku ile ulikuwa uso wa mtu aliyefunga mbele ya nyumbani kwao. Miezi sita baadaye akawa tarakimu kwenye mizania. Kanuni iliyoandikwa kulinda vilabu imefanya aliyezaliwa mtaani kwenu awe wa kwanza kuuzwa.

Kuanzia msimu wa 2026/27 mfumo unabadilika: klabu isitumie zaidi ya asilimia 85 ya mapato yake kwa kikosi, na zinazocheza Ulaya zina ukomo wa UEFA wa asilimia 70. Ni rahisi kueleweka, nakubali. Ila 85 ya kitu kikubwa na 85 ya kitu kidogo si sawa. Wazo lililokuwa linakaribia haki ninayoitaka ni lile la kufunga matumizi ya kila klabu kwenye kiwango kimoja, mara tano ya mgao wa pesa za televisheni anaoupata wa mwisho kwenye msimamo. Hapo ukomo wa mkubwa unategemea afya ya mdogo. Novemba 2025 vilabu vilipiga kura na kulikataa.

Mimi ningeongeza kitu kimoja ambacho sijakisikia kikijadiliwa kwa uzito, na nimekitoa kwenye ile meza ya kocha. Mdhamini anayetaka jina lake lisomwe msimu mzima aweke dhamana ya msimu mzima benki kabla ya mechi ya kwanza. Akiondoka, kwa kodi, kwa vita au kwa kuacha kupokea simu, pesa ibaki na timu mpaka msimu uishe. Gor Mahia wangelipa mishahara yao. Everton wangejua mapema kabisa pesa za jina la uwanja zipo au ni maneno. Na kwenye kukagua hesabu, mtu aulize kampuni hii imezipata wapi, kama anavyouliza klabu imezipeleka wapi.

Msimu uliofuata alitujia mdhamini mwingine, mtu wa mabasi madogo, mcheshi na mkarimu wa maneno. Alitaka jina lake liwe kubwa kuliko la yule wa kwanza. Nilimwambia, "Mzee wangu, tunakushukuru sana, ila safari hii pesa yote iingie benki kabla hatujachapa jezi." Akanitazama, akamtazama mwenyekiti, akasema mpira hauendeshwi hivyo. Hakurudi. Deni la Coaster tulilimaliza kwa michango ya wazazi na mechi mbili za kirafiki zenye kiingilio cha shilingi 500. Msimu ule tulicheza na jezi zilezile, namba mgongoni tu, na ile namba 6 mama yangu aliishonea kiraka cha bluu ambacho hakikufanana kabisa na rangi ya kitambaa.